Baraka ya Mzee Kaloki

"Mswaki umedondoka."

Agizo la siri la Mkuu Muli lilimfikia Mwelu kupitia kidude cha sikioni. Wakati huo koleo la daktari wa meno lilikuwa mdomoni mwake.

"Thawa."

"Rudia?"

"Thawa, Mkuu! Niko na gandhi!"

"Gandhi? Yule wa India?"

Jino likatoka. Mwelu akatema damu, akachomeka bastola ya Glock kiunoni, akaondoka. Shavu lote la kushoto lilikuwa limekufa ganzi. Moyo wake ulikuwa hivyo tangu zamani, kwa hivyo hakuona tofauti kubwa.

Gari lake, Probox nyeupe, likaruka matuta kuelekea Katelembo. Mkuu Muli akaeleza mambo kwa simu.

Maabara ya Daktari Nzisa ilichunguza bakteria wa mdomoni. Watafiti walizima jeni moja, wakaangalia kazi gani imekwama. Ni kama kuzima swichi kwa nyumba ya wenyewe, ungoje kusikia nani atapiga kelele. Juzi walizima moja na bakteria wakaacha kutengeneza ile asidi inayotoboa meno.

"Leo mtu amemwagia friza zote dawa," Muli alisema. "Bakteria wamekufa. Waliobaki wako mahali pamoja tu."

"Wapi?"

"Mdomoni mwa Kaloki, mlinzi wa maabara. Yuko hoteli ya Nur hapo Katelembo, anangoja mnunuzi kutoka ng'ambo. Uwanja wa ndege wanakagua mifuko. Mate nani anakagua?"

"Nimpige rithathi?"

"Wacha! Ameshika kichupa cha spiriti. Akiona bastola anasukutua, na kazi ya Nzisa imeisha. Na usimguse mdomo!"

Mwelu akakata simu. Kwenye kiganja akabandika utando wa plastiki, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, safi kabisa.

Hotelini, kila mtu alikuwa anapiga chai. Isipokuwa mzee mmoja kwenye kona. Yake ilikuwa imepoa mpaka ikavaa blanketi.

Mzee wa Machakos anaogopa chai? Hata mtoto wa nasari angemshika.

Kaloki aliona binti mwenye mdomo uliopinda. Akamhurumia, akamwita binti yake kwa Kikamba.

"Mwiitu wakwa, nani amekupiga?"

"Ni jino, umau." Mwelu akapiga magoti, akakinga viganja. "Leo nathafiri mbali. Thina wa kunibariki. Wote wamedhikwa Muthetheni."

Huo haukuwa uongo.

Nje, Prado nyeusi iliingia, indiketa ikiwaka. Mnunuzi.

Kaloki akaangalia mlango. Akaangalia kichupa. Akaangalia viganja.

Lakini msichana akikuita babu, akupigie magoti, utamnyima mate ya baraka? Hata mwizi ana kwao.

"Enda salama," alisema. "Urudi salama. Upate watu."

Pfuu! Pfuu!

Moja ilitua kiganjani. Nyingine ikapotea njia, ikatua kwenye kifundo cha mkono.

Mwelu akabandua utando, akauzamisha kwenye chupa ya sampuli iliyojificha ndani ya lipstiki. Mkono wa pili ukatoka na Glock.

"Mkuu. Mthwaki umeokotwa."

Kaloki akameza spiriti yote kwa mkupuo. Akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

Nur, mwenye hoteli, akapitisha kitambaa mezani. "Mzee, sasa si unywe chai?"

Prado ilirudi nyuma kwa kasi. Ikakutana na Land Cruiser ya polisi, pua kwa makalio.

Pingu zikalia.

"Umenidanganya, mwiitu," Kaloki alisema.

"Nuthu tu, umau."

Akavaa miwani, akatembea polepole mpaka kwenye Probox. Chupa akaiweka kwenye kishikio cha kikombe cha gari. Kile kifundo cha mkono chenye mate hakukifuta.

Alipopanda mlima wa kurudi mjini, ganzi ilianza kutoka.

Pengo likauma.

*Upate watu.*

Mwelu akaongeza sauti ya redio.