Koti Jeupe la Twiga

"Dokta, usilikalie hilo koti! Lina mwenyewe."

Binti akaruka kama aliyekalia sindano. Mtaa mzima ulimwita Dokta tangu matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, ingawa hata maombi ya chuo cha udaktari hakuwa ametuma. Kwa Mama Vifungo, fundi cherehani, alikuja kufuata gauni lake. Ukweli wenyewe, alikuja kusikia sauti ya mtu. Baba yake ni mlinzi wa usiku. Mchana analala, na nyumba inanyamaza kama haina watu.

Akalinyoosha lile koti. Jeupe, refu, la kidaktari.

"Mama Vifungo, leo umechemsha. Mkono wa kushoto mfupi."

"Nichemshe mimi? Mwenye koti ndiye mkono wake uko hivyo. Ulivunjika utotoni, ukaunga vibaya. Anaingia chuo Jumatatu, tena kanikataza nisi..."

Mama Vifungo akauma ulimi. Breki anazo, ila hushika akishagonga.

Mkono huo Dokta aliujua. Ndio aliokuwa akiulalia wakiangalia sinema kwenye simu. Akampigia mpenzi wake Twiga, aliyepewa jina hilo kwa urefu wake.

"Mambo, mpenzi. Umekula?"

"Mkono wako haujambo?"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Nimeuona kwa Mama Vifungo."

"Nakuja kwenu."

Waligombana sebuleni kwa kunong'ona, maana baba alikuwa amelala chumba cha pili.

"Ulisema tunapumzika mwaka mmoja, mwakani tunaomba pamoja!"

"Nilituma maombi kujaribu tu. Nikachaguliwa. Kila siku nikawa nasema nitakwambia kesho."

"Rafiki zangu wote wameondoka, Twiga. Kila aliyeniaga nilimwambia, usinionee huruma, mimi nipo na Twiga. Kumbe nipo na nguzo ya umeme!"

"Punguza sauti, mzee ataamka."

"Sauti gani? Si nanong'ona?"

"Unanong'ona kwa kelele."

Nusura wacheke. Nusura tu.

Twiga akamshika kiganja. "Maombi ya awamu ya pili yanafungwa kesho. Alama zako zimenipita mbali. Tuma sasa hivi, tuwe wote."

Kubonyeza simu tu, na huu upweke ungekwisha. Dokta akaishika.

"Semeni kwa sauti, bwana!" Mlango wa chumba ukafunguka. "Kelele nalala nazo. Minong'ono ndiyo inayomwamsha mlinzi."

Baba akatokea na shuka begani. Twiga akasimama wima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, utagonga taa." Akamgeukia bintiye. "Mwanangu, mwaka huu ulikuwa unabaki kwa ajili ya huyu?"

Dokta akakumbuka wodi alikomuuguza mama yake mpaka kitanda kikabaki kitupu. Tangu siku ile, harufu ya dawa humbana kifua.

"Hapana, baba. Nilitaka kujua kama udaktari naupenda kweli, au namlilia mama tu. Neno 'pamoja' aliliongeza yeye."

"Kwa hiyo?"

Akaiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini.

"Sitaomba mwaka huu."

Baba akaitikia kwa kichwa polepole, akarudi chumbani. Safari hii mlango aliuacha wazi.

"Utanisubiri?" Twiga aliuliza.

"Siwezi kukuahidi kitu, usije ukadanganyika kama mimi. Nenda kasome, Twiga. Mwaka huu si wa kumsubiri mtu."

Akamsindikiza hadi mlangoni. Hakumsindikiza zaidi.

Jumatatu ujumbe uliingia, na picha ya Twiga ndani ya koti: "Mkono umenikaa sawasawa. Nisamehe. Umekula?"

Dokta akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Baba amelala, saa ya ukutani peke yake ndiyo iliyokuwa ikiongea. Akavaa kandambili, akatoka.

"Dokta! Karibu, mwanangu!"

"Usiniite Dokta, Mama Vifungo."

"Ehe! Sasa nikuiteje?"

"Mwakani nitakwambia."

Mama Vifungo akafungua mdomo. Akamtazama machoni, akaufunga, na mtaa mzima ungekuwapo usingeamini. Akasogeza kiti kwa mguu.

"Basi kaa. Hiki hakina mwenyewe."