Uji Kabla ya Sindano ya Ini

Sefania wa Mtae alikuwa hodari wa jembe. Katika shamba la kijiji cha ujamaa, nani angemshinda? Basi macho yake yakageuka manjano. Mwili ukamwasha, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Mkewe Efrazia akamchemshia mizizi. Wapi! Hali ikazidi kuwa mbaya. Wakapanda lori mpaka hospitali kubwa.

"Shikamoo, mama," alisema Mariamu, muuguzi.

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu ana nini?"

"Ini hutengeneza nyongo, mama. Nyongo hupita kwenye vijia vyembamba mpaka kwenye utumbo. Ni kama maji ya mfereji shambani. Mfereji ukiziba, maji hufurika. Nyongo ya baba imeziba mahali, sasa imeingia kwenye damu. Kesho daktari atapitisha sindano nyembamba ubavuni mpaka ndani ya ini. Atatia dawa inayoonekana kwenye picha ya eksirei. Tutaona palipoziba."

"Ini lichomwe? Mungu wangu!"

"Atapigwa ganzi. Damu yake tumeipima, inaganda vizuri. Ila kuanzia usiku huu asile wala asinywe kitu."

Asubuhi Efrazia alimtazama mumewe, akamhurumia. Kwao mke hamwachi mume aende penye hatari na njaa. Ni aibu! Akatoa uji chini ya kanga.

"Kunywa upesi, baba Tobia."

Sefania akanywa wote, akalamba na midomo.

Mariamu akaja kumchukua. "Baba hajala kitu?"

Efrazia alitaka kukana. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Nimempa uji, mwanangu. Nampenda mno, nimeshindwa."

Mariamu hakumgombeza. "Umefanya vyema kusema, mama. Angetapika amelala, uji ungeingia kwenye mapafu, tukampoteza. Tena huenda akapasuliwa papo hapo baada ya picha. Tungoje kesho."

Siku hiyo Efrazia hakubanduka kitandani pa mumewe. Usiku ulipoingia, Sefania akabembeleza apewe chai kidogo tu.

"Thubutu!" alisema Efrazia.

Kesho yake picha ilionyesha jiwe lililoziba kijia cha nyongo. Daktari akampasua, akalitoa.

"Jiwe haliondolewi na mizizi," Mariamu aliwaambia walipoaga, kidonda kilipokwisha kupona. "Mkiona macho ya manjano, njooni mapema."

Sefania aliupanda mlima wa Mtae kwa miguu yake mwenyewe, macho meupe pee. Efrazia alimfuata nyuma, machozi yakimtiririka.

"We Efrazia!" jirani yao Raheli alishangaa. "Mbona walia, na mumeo mzima?"

"Ndiyo maana nalia."