Mto wa Kuokota

Akitoka shule, Mapozi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwanza gesti alikofanya kazi mama yake, akaingia kwa mlango wa nyuma na kutupa jicho kwenye ubao wa funguo ulioning'inizwa mapokezi. Kila chumba kilikuwa na msumari wake. Ufunguo ukiwepo, chumba kitupu. Usipokuwepo, chumba kina mtu. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuuliza habari za kazi. Funguo zikiwa chache ubaoni, mama anaimba. Zikiwa nyingi, mama amenuna, na siku hiyo usithubutu kumwambia kwamba daftari limejaa.

Sababu ni kwamba mama hakulipwa kwa mwezi, alilipwa kwa chumba. Chumba kikilaliwa, asubuhi anabadilisha shuka, anapiga deki, anasugua choo, na jioni anapewa chake. Kisipolaliwa, hakuna cha kusafisha na hakuna cha kupewa. Naye Madamu, mwenye gesti, alipata hela kutoka vyumba hivyo hivyo, ila bili za maji na umeme zilimjia hata nyumba ikiwa tupu. Hapo ndipo hasira zake nyingi zilipoanzia.

Jina la Mapozi alilitoa yeye. Alimkuta binti amejilaza juu ya furushi la mashuka, mguu juu ya mguu, akamwambia mama, "Huyu mtoto wako anakaa kama mgeni aliyelipa. Mapozi matupu." Jina likamganda.

Mama alimwekea binti yake masharti mawili tu. Amngoje ndani ya stoo ya mashuka, asiguse kitanda cha mgeni. Na asiokote kitu barabarani, hata kiwe kizuri namna gani. "Aliyekitupa anajua kwa nini amekitupa," mama alisema. "Wewe hujui."

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na gesti nyingine. Mwenye gesti hiyo, Madamu alimwita Mzee Ng'ambo, na hakumsalimia. Walikuwa wakinyang'anyana wageni tangu zamani. Siku moja Mzee Ng'ambo alitoa viti vyake vya sebuleni, vikapakiwa mkokoteni na kupelekwa asikojua mtu. Jalalani ukabaki mto mmoja mkubwa wa mahameli nyekundu, una vishada kila pembe. Mapozi aliutazama mto, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaukumbatia, akakimbia nao mpaka stoo na kuusukuma nyuma ya mashuka yaliyokunjwa.

Basi ikawa raha. Kila alasiri alijilaza juu ya mto wake akisoma, na akisikia hatua za mama anausukuma tena nyuma ya rafu.

Haukupita muda mrefu akaota vipele mkononi, vimejipanga kama vimepigiwa mstari. Mama alipouliza, alisema ni mbu. Siku iliyofuata akamwona mdudu bapa, wa rangi ya kahawia, akitambaa kwenye mshono wa mto. Alimjua. Alimponda kwa kucha na harufu yake ikamjaa puani. Kunguni.

Watoto mnaosoma hapa, sikilizeni vizuri. Siku ile mama alikuwa chumba cha pili, anapiga deki. Mapozi angeweza kwenda pale mlangoni na kusema maneno machache. Hakwenda. Aliwaza, mama atafoka, nitanyang'anywa mto, bora niwaue mwenyewe kimyakimya. Akaufunika mto kwa shuka na kunyamaza.

Lakini kunguni hawakukaa kumsubiri. Waliingia kwenye mikunjo ya mashuka yaliyokuwa rafuni. Kila asubuhi mama alibeba mashuka kutoka stoo na kuyatandika vyumbani, na kila asubuhi aliwabeba wao pia, bila kujua.

Wa kwanza kulalamika alikuwa muuza viatu wa jumla, mteja wa miaka. Alishuka ngazi amejifunua shati hadi mabegani. "Madamu, mimi nililipia kulala," alisema. "Sikulipia kuliwa." Akachukua begi lake, akavuka barabara. Wengine wakamfuata. Habari za kunguni zilifika stendi, wapagazi wakaanza kuwaelekeza wasafiri kwingine, na ubao wa mapokezi ukajaa funguo.

Madamu alileta mtu wa dawa, akapuliza vyumba vyote. Stoo hakuna aliyeikumbuka. Baada ya siku chache kunguni wakarudi. Madamu akamgeukia mama.

"Wewe ndiye unayewaleta. Wanakuja na nguo zako kutoka huko unakolala."

"Twende kwangu ukakague," mama alimjibu. "Kitanda changu ni kimoja, hutachoka."

"Usinijibu hivyo."

"Nikujibuje, Madamu? Nimefua hadi vidole vimechubuka. Hawa wadudu sijui wanatoka wapi."

"Basi ujue mapema. Mgeni mwingine akijikuna humu ndani, kesho usije."

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Chai ilinywewa bila sukari. Mama alikung'uta godoro lao ndani na nje, akapekua kila pindo, hakuona kitu. Alipomuuliza Mapozi kama amewahi kuona mdudu stoo, binti alitazama chini na kusema, "Hapana, mama." Na huu ulikuwa uongo mbaya kuliko ule wa mbu, kwa sababu sasa alijua kinachoharibika.

Ikatokea bahati. Walimu waliokuwa wanakuja semina walitaka gesti nzima kwa wiki nzima. Madamu alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kiongozi wao, mwalimu mkuu mmoja, mwanamke wa makamo, alikuja mapema kuvitazama vyumba. Alisifu choo, akasifu pazia. Kisha akainua foronya, akaikunjua.

"Madamu," alisema, "njoo umwone mgeni wako aliyetutangulia."

Madamu hakuongea na mwalimu tena. Alimgeukia mama pale pale ukumbini. "Vua aproni. Ondoka."

Kisha akatoka nje kama moto, akavuka barabara na kumkuta Mzee Ng'ambo kibarazani. "Umetuma watu waniletee kunguni," alifoka. "Ulishindwa kuninyang'anya wageni kwa bei, sasa unatumia wadudu."

"Mimi?" Mzee Ng'ambo alicheka. "Hata kama ningekuwa na kunguni wa kugawa, nisingeanza na mtu mchoyo kama wewe."

Watu walisimama kutazama. Wapo waliocheka. Mama alikuwa mlangoni, aproni mkononi, uso umemshuka, na Mapozi alimwona. Akaingia stoo, akauvuta ule mto na kuukokota mpaka katikati ya barabara.

"Mama, ni mimi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini watu wote walikuwa wamenyamaza. "Niliuokota pale jalalani, nikauficha stoo. Niliwaona kunguni zamani. Niliogopa kusema."

Mama alimtazama kana kwamba ni mtoto wa mtu mwingine. Hakumpiga. Angempiga, ingekuwa nafuu.

Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amewafuata nje na begi lake begani, aliuinamia mto bila kuugusa. "Na huu ulitupwa na nani?"

Mzee Ng'ambo aliacha kucheka. "Ni wa viti vyangu vya zamani tu, mwalimu."

"Sikuuliza umri wake. Nauliza kama viti vyako vilikuwa na kunguni."

Mzee Ng'ambo akageuza uso. Mwalimu akaliweka begi lake sawa. "Basi walimu wangu hawalali hapa wala kule. Wewe ungeuchoma, huyu mtoto asingeuokota." Akaondoka, na mapato ya wiki nzima yakaondoka naye. Madamu na Mzee Ng'ambo walitazamana kwa chuki, kila mmoja amekosa.

"Na bado unaondoka," Madamu alimwambia mama.

"Stoo ni kazi yangu, na mtoto ni wangu. Hilo silikatai," mama alisema. "Lakini mwite mwingine leo, umwambie aje asafishe nyumba ya kunguni. Tuone nani atakuja."

Madamu alijua hatapata mtu. "Safisheni wote wawili," alisema mwisho. "Nikimwona kunguni mmoja, hata mtoto wake, mnatoka."

Gesti ikafungwa. Mto uliteketezwa kwa mafuta ya taa. Mashuka yote yalichemshwa kwenye pipa, magodoro yakaanikwa juani, maungio ya vitanda yakamwagiwa maji ya moto, na mtu wa dawa akarudi kupuliza, safari hii akianzia stoo. Siku zote hizo mama hakupata kitu, kwa kuwa hakuna chumba kilicholaliwa. Mapozi alikoroga pipa hadi mabega yakamuuma, na mama hakumwambia pumzika.

Wageni walirudi taratibu. Hata muuza viatu alirudi, ingawa aliinua godoro kwanza kabla ya kuvua viatu. "Sijakuamini bado, Madamu," alisema. "Ila bei ya ng'ambo imepanda."

Jioni hiyo, wakikunja mashuka, mama alizungumza. "Unadhani hasira zangu ni za mto?"

"Ndiyo, mama."

"Hapana. Kila mtoto anaokota takataka. Siku ile ulipomwona yule mdudu wa kwanza ungeniambia, ningefoka, tungechoma mto mmoja, basi. Ulinificha ili nisifoke, nikafukuzwa mbele ya watu kama mwizi. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo. Nitafoka. Niache nifoke. Nikimaliza kufoka, tutatengeneza."

Mapozi alikunja mashuka mawili. Kisha akaliweka chini lililokuwa mkononi.

"Mama, leo nimevunja glasi ya chumba cha juu."

Mama alifoka. Alifoka wakipanda ngazi, akafoka wakiwa mlangoni. Halafu akashusha pumzi.

"Umefanya vizuri kusema. Shika ufagio, angalia usijikate."