Makofi Yanayopita Chini ya Dirisha

Pa, pa, pa. Makofi. Halafu miguu mingi ikapiga lami kwa pamoja.

Hansaben alikuwa bado kitandani, chumba cha juu ya duka lao la vitambaa, mjini Gisenyi, Rwanda. Hakufungua pazia. Alijua ni wanawake wa mtaa wanakwenda ziwani kwa mazoezi, kama kila Jumapili. Lakini makofi yale yalimpeleka mbali, mpaka India alikozaliwa. Kule, siku za sikukuu ya Navratri, wasichana hucheza garba. Huzunguka duara, hupiga makofi, huinama, hugeuka. Yeye alicheza mpaka nyayo zikawaka moto.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Magoti yaliuma. Sukari ilikuwa imepanda. Tangu mwanawe Jayesh aoe, hakuruhusiwa kushika hata ufagio. "Kaa, Ba," walimwambia. Ba ni mama kwa lugha yao, na kumkalisha Ba ndiyo heshima. Akakaa, kutwa, nyuma ya meza ya duka. Mjukuu wake Riddhi, wa miaka kumi na mitatu, alikaa naye. Mpira wa kikapu Riddhi aliuacha. Ba alisema jua litamharibu ngozi na watu watamtazama miguu.

Jumatatu, Mukagasana alikuja kununua kitambaa. Alikuwa mshauri wa afya wa mtaa.

"Mama Jayesh, magoti iko namna gani?"

"Napumzika, dada, lakini hayaponi."

"Unapumuzika toka lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa," Riddhi akadakia.

Mukagasana akacheka. "Bon. Mulango ukiufunga miaka yote hiyo, bawaba zinashika kutu."

"Nikitembea yanauma."

"Yanauma sababu hayana nguvu. Nyama ya paja ndiyo inasaidia goti. Usipoitumikisha, inaisha. Na miguu ikitembea, sukari inatumika. Dawa ya nesi usiache. Lakini anza dakika kumi, polepole. Ongeza kidogo kidogo mpaka nusu saa, siku tano kwa juma. Uende mwendo wa kuweza kuongea, lakini wimbo unakushinda. Kifua kikiuma, simama, uende kituo cha afya."

"Mjane wa kwetu atembee barabarani peke yake?"

"Nani amesema peke yako? Tuko kumi na mbili, wanawake watupu. Hakuna mutu atakukimbiza. Vaa ile suruali yako pana, na raba. Na huyu mutoto umulete. Mwili wake unataka saa nzima ya kucheza kila siku, haiko kuchunga kiti yako."

Hansaben akamkunjia kitambaa chake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Yale makofi, mnapiga kila mara?"

"Kila mara."

Jumapili, mkwewe, mke wa Jayesh, alimkuta akifunga kamba za raba. "Ba, utaanguka."

"Nikianguka utaniokota. Nipishe."

Siku ile alifika kona tu. Ziwa alilionea pale, kati ya miti, akalitamani kama mtu anavyotamani kwao. Riddhi akampa mkono wakarudi.

Wakaendelea. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Mwezi wa tatu wa kutembea, Ba aliinama akagusa maji ya ziwa. Kituoni, nesi akamwambia sukari imeshuka. Nyumbani alichukua ufagio mkononi mwa mkwewe. Na Riddhi akarudi kwenye mpira, Ba mwenyewe akimruhusu.

Navratri ikafika. Familia nne za Kihindi zilikutana alasiri uani, nyuma ya duka. Mukagasana naye alikuja. Ba akaingia kwenye duara. Akazunguka mara moja, mara mbili. Magoti yakaanza kuuma, akaenda kukaa. Lakini macho yake yalibaki kwenye duara, na viganja vyake havikuacha kupiga.

Riddhi akamfuata, jasho likimtiririka. "Ba, umechoka?"

"Nimechoka vizuri." Akamshika mkono mbele ya wote. "Leo nimezunguka mara mbili. Mwakani nitacheza nawe mpaka mpiga ngoma aombe maji. Na Jumamosi, kwenye mechi yako, nitakuja kwa miguu yangu. Nakuahidi."