Sauti Ihamishiwe kwa Nani

Asubuhi ile haikuwa na jambo. Kasuku aliamka, akachemsha chai, akafungua kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, akaanza kugombana na watu wasiokuwepo. Ndiyo kazi iliyompa ugali wake: kuandika tamthilia ya runinga. Jina la Kasuku alipewa na mama yake, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akiwaiga wageni hata kabla hawajatoka getini.

Programu aliyoandikia ilimtengea kila mhusika ukurasa wake. Humo unaweka maneno anayoyapenda, utani wake, namna anavyokatiza wenzake. Ukimwandikia neno lisilofanana naye, programu inalipigia mstari mwekundu. Kwa hiyo dereva haongei kama mwalimu, wala mtoto haongei kama babu.

Kwa mhusika mmoja tu, Mama Mwenye Nyumba, Kasuku alikiuka mwiko wa kazi. Mhariri wao hakuchoka kuwakumbusha kwamba mhusika hupikwa kwa watu wawili watatu, asije akawa mtu kamili, hai au marehemu. Kasuku hakuchanganya. Mama yake alikuwa amefariki, akamwachia jumbe za sauti kwenye simu, na kila ujumbe ulianza vilevile: "Kasuku, umekula?" Aliziandika zote neno kwa neno, akazimimina kwenye ukurasa ule. Hakuacha hata kikohozi.

Watazamaji walimpenda mwanamke yule kupindukia. Kasuku naye, kila alipomwandikia maneno na programu ikakaa kimya bila wekundu, alihisi mama yupo chumba cha pili anakunja nguo. Huko ndiko kulikuwa kumlilia kwake.

Kisha mwongozaji akapiga simu. Mwigizaji wa Mama Mwenye Nyumba anahama, kwa hiyo mhusika huyo lazima afe, na mswada unatakiwa leo hiihii. Kasuku alijaribu kubisha, lakini la kuvunda halina ubani. Alipokata simu alilia. Kufiwa mara moja kulikuwa kumemtosha.

Akaandika: "Kwaherini, wanangu." Mstari mwekundu. Akaandika: "Nimechoka, niacheni nipumzike." Mwekundu. Akaandika: "Msinililie." Mwekundu tena. Kweli, mama hakuwa mtu wa kuaga. Hata hospitalini hakuaga.

Akaona bora aanze na dereva, mtu mwepesi. Akamwandikia mzaha wake wa kila siku. Mwekundu. Akafungua ukurasa wa dereva aone kuna nini. Maneno ya dereva hayakuwepo. Yalikuwepo ya mama. Kwa mwalimu, ya mama. Kwa mtoto, ya mama. Pamoja na kikohozi.

Alimpigia dada yake mkubwa, nesi, akamweleza yote. Dada alikuwa wodini, akajibu kwa kunong'ona.

"Mfute, mdogo wangu. Mwache mama apumzike."

Akarudi kwenye ukurasa wa Mama Mwenye Nyumba, akabonyeza kufuta. Kama kawaida yake mhusika anapoondolewa, programu ikauliza sauti yake ihamishiwe kwa nani. Orodha ikashuka. Dereva. Mwalimu. Mtoto. Chini kabisa palikuwa na jina ambalo hakuliandika yeye.

Kasuku.

Angeweza kufunga kompyuta. Alijua hivyo. Lakini alimkumbuka mama, akakumbuka nyumba ilivyo kimya, akatamani abaki na kitu, chochote. Akalichagua jina lake. Skrini ikatulia. Koo likamkauka. Akakohoa. Kikohozi kile alikuwa anakijua.

Dada akapiga tena kuuliza kama ameshafuta.

"Nimefuta," Kasuku alisema.

Upande wa pili dada mtu, nesi mzima aliyezoea maiti, akaanza kulia taratibu.

"Mama?"

Sauti ya Kasuku haikurudi. Madaktari walimmulika koo, hawakuona kitu. Majirani walimtania kwamba amezeeka koo kabla ya uso, kisha wakazoea. Dada hakuzoea. Na Kasuku, aliyekuwa akiililia sauti ile, sasa aliisikia kutwa ikisalimia watu na kuuliza bei ya nyanya. Haikumwita tena. Ilikuwa kinywani mwake mwenyewe, na mtu hajiiti. Alikuwa amempoteza mama kwa mara ya pili, na safari hii hakuwa hata na sauti yake ya kumlilia.

Mchana mmoja dada alikuwa amemtembelea, wanachambua mchele. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka namba ya mama iliyofungwa siku nyingi. Wakatazamana. Kasuku akaufungua.

Ilitoka sauti nyepesi, ya msichana mcheshi. Ilikuwa yake. Ile ya zamani.

"Mama, umekula?"

Dada akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kasuku akaisogeza simu karibu na midomo, machozi yakimtiririka.

"Nimekula, mwanangu," akajibu. "Wewe je?"

Ujumbe ule bado upo. Dada mtu amejaribu kuufuta, haufutiki. Ukiusikiliza mpaka mwisho, baada ya swali unasikia mtu anavuta pumzi, anasubiri kujibiwa.