Rangi ya Fahali wa Nkwabi

Harufu ya ng'ombe aliyelowa mvua iliingia sebuleni kwa Bujiku, mjini Kahama, mchana wa kiangazi kikali. Nyumba ile haikuwahi kufuga hata kuku. Scolastika, mkewe, alipiga deki mara mbili bila mafanikio, na jioni binti yao Vumilia, mwenye miaka sita, akashikwa na homa.

Hospitali walipima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Ndipo wakamwita Bibi Mageni, mfumu wa upande wa Isaka anayesema na mizimu. Alinusa mlangoni tu, akakataa kuketi.

"Ni babu yako Nkwabi," alimnong'oneza Bujiku. "Anadai fahali wake. Mchinjieni mbuzi wa rangi ileile, amwachie mtoto. Mkikosea rangi, mmemtukana."

"Alikuwa wa rangi gani, bibi?"

"Mimi nitajuaje? Waulizeni waliomchunga."

Waliomchunga walishakufa wote. Ilibaki picha moja, nyeusi na nyeupe, Nkwabi ameshika pembe ya fahali. Basi Bujiku, ambaye kwa simu yake hashindwi jambo, akaiingiza kwenye programu inayotia rangi picha za zamani. Fahali akatoka mwekundu, ngozi inang'aa.

"Si huyu hapa!" alisema. Scolastika alilia kwa furaha. Kesho yake wakachinja mbuzi mwekundu.

Harufu ikazidi. Siku ya tatu ilikuwa imeingia kwenye mashuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye pumzi ya mtoto, na Scolastika, ambaye wasiwasi ulikuwa unamla, akachukua picha ya Vumilia amevaa gauni la kijani, akaiondoa rangi, akaipa programu ileile iirudishie, na gauni likarudi la bluu, zuri kabisa, wala huwezi kulitilia shaka, ndipo akaelewa kwamba ile programu haikujua lolote, ilikuwa inabahatisha tu, na wao wamemchinjia mzimu kwa kubahatisha.

"Baba Vumilia," aliita kwa sauti ndogo, "tumemtukana."

Walifunua shuka. Miguu ya mtoto ilikuwa ya kijivu, kijivu cha majivu ya jikoni, kuanzia nyayo hadi magotini, na rangi ile ilikuwa inapanda huku wanaitazama, taratibu, ikipita mapajani, ikiingia tumboni.

"Baba," Vumilia alinong'ona, "babu anasema fahali wake alikuwa hivi."

Bujiku alitoka mbio bila viatu. Mnadani alimpata mbuzi wa kijivu hasa, hana hata doa, akambeba mabegani akirudi mbio, akimwomba babu yake kwa Kisukuma, kwa sauti, watu wakimshangaa barabarani.

Alipofika uani, wanawake wa jirani walikuwa wameshakaa chini, kanga viunoni, wakimlilia Vumilia. Alipiga hodi nyumbani kwake mwenyewe, mbuzi bado mabegani.