Jasho la Pindoni

Kisomauzi kilikuwa juu ya meza ya mahakama ya Tanga, kidogo kuliko cherehani, kikinguruma. Dkt. Sauda Mhina alikilisha kipande cha kanga kilichoungua nusu, akasimama pembeni. Uzi hunywa jasho la anayeushika wala haulitapiki, si kwa sabuni si kwa moto, ilimradi ubaki uzi. Kisomauzi huusoma uzi mmoja mmoja, kisha hutaja mtu. Ulikuwa mwaka 2088, na tangu Sauda akiunde hakijawahi kukosea jina.

"Mwanamkasi Shekue," kilisema, kwa sauti ya upole aliyokitia Sauda mwenyewe.

Mwanamkasi alikuwa kizimbani. Alishtakiwa kuchoma ghala la katani, na mlinzi alikuwa amefia ndani. Kipande kile kilikutwa mlangoni mwa ghala kikinuka mafuta, na mwenziwe, nusu ya pili ya doti, kilikutwa kabatini kwa Mwanamkasi. Alipopewa nafasi alieleza kwamba kila Idi hununua doti moja, huikata, huzipinda nusu zote mbili kwa mkono wake, kisha moja humpa shoga yake Bishara. Bishara alikwishakana mbele ya polisi kwamba hajapewa kitu.

Wakili wa serikali akamgeukia Sauda. Alitaka kujua kama sayansi inazitambua habari hizi za kugawana kanga.

Sauda alizitambua vizuri mno. Yeye na Tabia, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza, waligawana doti kila Idi, na Tabia ndiye aliyepinda. Tena ramani ya jasho, inayoonyesha jasho limeingia wapi kwenye kitambaa, ilikuwa mkononi mwa Sauda, ukurasa wa pili wa ripoti, ambao hakuna aliyeuomba. Jasho la Mwanamkasi lilikuwa kwenye pindo tu, mstari mwembamba kama njia ya siafu. Kwingine kote hakukuwa na jasho lake. Mtu aliyeivaa ile kanga, au aliyeikunja akailoweka mafuta, angeacha jasho katikati pia.

Lakini siku hiyo safu ya mbele walikaa wageni wa nchi tatu, waliokuja kukitazama kisomauzi kabla ya kukinunua. Sauda akawaona, akajiona anasimama mbele yao kusimulia mambo ya kanga na mashoga kama yuko uani anachambua mchele.

"Maabara yangu haina kipimo cha urafiki," alisema.

Watu walicheka. Wageni walicheka baadaye kidogo, tafsiri ilipowafikia masikioni. Mwanamkasi alifungwa miaka thelathini, na maneno yale yakaandikwa kwenye vitabu vya vyuo.

Idi tatu zilipita. Kila mara Tabia alileta nusu ya doti, na kila mara Sauda aliitia sandukuni bila kuivaa, maana akiligusa pindo uso ulimwaka. Idi ya nne Tabia aliziona zote tatu mle sandukuni, bado zina mikunjo aliyozileta nayo, akauliza kulikoni. Sauda akamwambia yote, hata ukurasa wa pili.

Tabia aliitoa kanga ya juu, akaishika kwa pindo. Kisha akasema, "Akili nyingi huondoa maarifa, mwenzangu. Na yangu hii ingekutwa ghalani, ungesema nini?"

Asubuhi yake Sauda alipeleka ukurasa ule mahakamani. Kesi ilifunguliwa upya mwezi uliofuata. Safari hii hapakuwa na mgeni hata mmoja. Kisomauzi kililetwa, kikataja jina lilelile kwa upole uleule, kwa kuwa hakikuwa kimekosea lolote. Jaji aliitazama ramani kwa muda mrefu, akauliza kwa nini haikusemwa mwanzo.

"Niliona haya, Mheshimiwa," Sauda alisema. "Niliona haya wageni wasije wakanidhania mwanamke wa uswahilini. Na ndivyo nilivyo."

Jaji alitamka kwamba ushahidi haumfungi tena Mwanamkasi, na yuko huru tangu saa ile. Mwanamkasi hakuondoka kizimbani. Alikuwa amekonda, na mtoto aliyemwacha akitambaa alikaa na bibi yake kwenye viti vya nyuma, akimtazama mama yake kama anavyomtazama askari. Aliomba ruhusa ya kumuuliza shahidi swali moja. Jaji akamruhusu.

"Daktari, siku ile niliposema habari ya doti, ulinielewa?"

Sauda alitafuta neno la kitaalamu, asilipate.

"Nilikuelewa," alisema.

"Basi," Mwanamkasi alisema. "Miaka yote hii nilidhani sikueleza vizuri."

Akashuka, akaenda kumchukua mwanawe. Mtoto alimkataa, akajificha nyuma ya kanga ya bibi.